Kadi ya Ukaazi na Sahani ya Chakula: Mafunzo kutoka Samad Ash Shan

Sheria ya uhamiaji humfikia mgeni jikoni kabla ya kumfikisha mahakamani. Msako unapoanza, mtu asiye na kadi halali ya ukaazi hubadilisha kwanza namna ya kupata chakula: duka analonunua, saa ya kutoka, mtu wa kumkopesha na watu wa kula nao. Chakula chenyewe nacho hubadilika, kwani anayejificha hula kile kinachokaa siku nyingi bila jokofu na kupikika haraka. Mabadiliko hayo hufuata mpangilio unaofanana karibu kila mahali penye wahamiaji. Samad Ash Shan, mji wa mitende katika mkoa wa Sharqiyah Kaskazini nchini Oman, ni mahali ambapo mpangilio huo unaonekana wazi, kwa sababu mji ni mdogo na kila mtu anajua nani anamlisha nani.

Maelezo haya yametokana na kumbukumbu za mwandishi mwenye asili ya Samad, aliyelelewa katika nyumba inayozungumza Kiswahili na Kiarabu, na yale aliyoyaona katika maduka, mashamba na nyumba za mji huo. Watu wanaoelezwa hawatajwi majina, kwa kuwa kumtaja mtu asiye na kadi ni kumweka hatarini.

Mji na wanaoulisha

Samad Ash Shan imo katika wilaya ya Al Mudhaibi, kando ya wadi inayobeba jina la mji. Kilimo cha kumwagilia ni cha kale sana katika nchi hiyo. Watafiti wa Kijerumani kutoka Bochum walifukua makaburi hapo katika miaka ya 1980, na jina la Samad likapewa kipindi kizima cha mwisho wa Zama za Chuma katika Oman ya kati, karne kadhaa kabla ya Uislamu. Maji ya falaji, yaani mfereji wa kumwagilia, bado yanagawiwa kwa zamu, na mitende ya fardhi, khalasi na mabsali bado imesimama pande zote mbili za wadi. Mabsali huvunwa ingali ya njano, ikachemshwa katika masufuria makubwa na kuanikwa juani. Kazi hiyo huitwa tabsili, na sehemu kubwa ya tende hizo husafirishwa India.

Zamani kazi za shamba zilifanywa na mabidari, yaani wafanyakazi wa mashamba wa mji, pamoja na jamaa za wenye mashamba. Baada ya 1970, fedha za mafuta zilipoanza kujenga nchi, vijana wengi waliingia jeshini, polisi na maofisini, na wengi wakahamia Muscat. Nafasi zao zilichukuliwa na wageni. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu wapatao milioni 4.47 nchini Oman, na kati yao wapatao milioni 1.74 hawakuwa raia. Katika Samad hesabu hiyo hugeuka kuwa sura za watu. Anayepanda mtende kuuchavusha mwanzoni mwa mwaka na kukata mashada wakati wa kiangazi mara nyingi ni Mbangladeshi. Mwenye kusimama dukani ni Mhindi wa Kerala au Mbangladeshi. Mwenye kuoka mikate na mwenye kuleta samaki kutoka Sur au Al Ashkharah huwa ni wageni vilevile. Jikoni, ndani ya nyumba, yumo mwanamke kutoka Tanzania, Uganda, Kenya, Ethiopia, Ufilipino, Indonesia au Sri Lanka.

Wanawake wa Afrika Mashariki hukuta Kiswahili mlangoni siku ya kwanza. Familia nyingi za Sharqiyah ziliishi Unguja, Pemba, mwambao wa Mrima na bara kwa vizazi, na bado zinapika wali wa nazi, maandazi na muhogo. Lugha moja hupunguza upweke. Haibadilishi sheria inayomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake.

Chakula chini ya kafili

Ukaazi wa mgeni nchini Oman unatawaliwa na Sheria ya Ukaazi wa Wageni iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 16 ya 1995. Mfanyakazi huingia chini ya mdhamini, ambaye kila mtu humwita kafili. Kafili huomba viza, hulipia kadi, na ndiye anayetakiwa kuihuisha. Kumfanyia kazi mtu mwingine bila idhini ni kosa kwa mfanyakazi na kwa anayemwajiri.

Kwa mfanyakazi wa ndani, kifungo hicho kinaingia moja kwa moja katika chakula. Sheria ya Kazi ya 2003 haikuwahusu wafanyakazi wa ndani, na ile mpya iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 53 ya 2023 nayo imewaacha nje. Kwa miaka mingi waliongozwa na kanuni za wizara, hasa Uamuzi wa Waziri namba 189 wa 2004, ambao ulimtaka mwajiri kutoa chumba, chakula na matibabu. Chakula basi ni sehemu ya malipo. Akiondoka kwa mwajiri, mwanamke huyo hupoteza mshahara, kitanda, ruhusa ya kuwapo nchini na sahani yake ya mchana, vyote kwa siku moja. Mwajiri akitoa taarifa kwamba ametoroka, anakuwa mtu anayetafutwa. Wakenya walioko Ghuba humwita mtu wa namna hiyo kemboi.

Kundi la pili ni wanaume wa kile kinachojulikana mitaani kama viza huru. Mtu hulipa kafili ili aandikwe chini ya jina lake, kisha hujitafutia kazi mwenyewe, leo shambani, kesho kwa fundi, keshokutwa kubeba mizigo. Kadi yake inaweza kuwa hai na bado akawa mkosaji, kwa sababu anamfanyia kazi mtu asiye kafili wake. Huyo hula kwa kutegemea kibarua cha siku. Siku asiyotoka kwa kuogopa ukaguzi ni siku isiyo na fedha ya chakula.

Serikali ililegeza sehemu ya mfumo huu. Kuanzia Januari 2021, mfanyakazi aliyemaliza mkataba aliweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka kwa kafili wa zamani. Hatua hiyo iliwafaa wenye mikataba ya kampuni. Haikumfaa sana mtu ambaye mkataba wake haujaisha, kadi yake imekwisha muda, au tayari ameandikiwa kuwa ametoroka.

Duka, daftari na barabara

Katika Samad, kama katika miji mingi midogo ya Oman, mgeni hula kwa mkopo. Duka la chakula lina daftari. Kila ukurasa una jina, au namba ya simu, au alama tu ya shamba analofanyia mtu kazi: mchele, dengu, vitunguu, mafuta, unga wa chapati, maziwa ya kopo. Deni hulipwa mwisho wa mwezi. Mwenye duka naye ni mgeni mwenye kafili wake, na mtaji wake ni mdogo. Anachokopesha ni imani kwamba mkopaji atakuwapo mwezi ukiisha.

Habari za msako zinapovuma, imani hiyo ndiyo ya kwanza kuvunjika. Mtu aliyekamatwa na kurudishwa kwao huacha deni ambalo hakuna wa kulilipa. Mwandishi aliona mara nyingi namna daftari linavyofungwa: mwenye duka hasemi neno baya, anaanza tu kuomba fedha taslimu. Kwa mwenye kadi halali hilo ni usumbufu. Kwa asiye na kadi ni mwisho wa chakula cha mkopo, na hana pengine pa kwenda, kwani duka la mtaa mwingine halimjui.

Hatua inayofuata ni barabara. Bei nzuri ziko katika masoko makubwa. Soko la Sinaw, linalojulikana kwa mnada wake wa mifugo siku ya Alhamisi, huuza pia mboga, samaki na nafaka kwa bei nafuu, na Ibra ina maduka makubwa. Kufika huko ni kupanda gari na kupita penye vituo vya polisi na barabara kuu. Anayeogopa kuulizwa kadi hubaki na duka la jirani na bei zake, au humtuma mwenzake mwenye kadi, naye hutaka chochote kwa usumbufu wake. Kwa njia hizo mbili, maskini kuliko wote hununua kwa bei ya juu kuliko wote.

Hatua ya tatu ni chungu cha pamoja. Vibarua wanaume huishi wengi katika chumba kimoja na kuchangia chakula: mmoja hupika, wengine hutoa fedha, na gharama hugawanywa sawasawa. Mpango huo ndio unaowawezesha kula samaki au kuku mara chache kwa wiki na bado kutuma fedha nyumbani. Akikamatwa mmoja, mchango wa kila aliyebaki hupanda. Wakitawanyika wawili au watatu kulala mashambani, chungu hufa. Hapo kila mtu hubaki na mkate, chai ya sukari nyingi, dengu na tende alizookota chini ya mitende. Mboga na samaki hutoweka kwanza kwa sababu vinahitaji jokofu na safari ya sokoni.

Hatua ya nne haionekani kwa macho. Kadi ikiisha muda, benki husimamisha akaunti, na mshahara uliomo haushikiki. Mtu anaweza kuwa na fedha zake halali na asiweze kununua kilo moja ya mchele.

Nyuma ya mlango wa nyumba

Hali ya wanawake wa kazi za ndani ni tofauti, kwa sababu wao wamo ndani ya nyumba yenye chakula. Nyumba nyingi za Samad huwalisha wafanyakazi wao vizuri, wakila kile kile kinacholiwa na familia. Nyingine hazifanyi hivyo. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti mwaka 2016 kutokana na mahojiano na wafanyakazi wa ndani 59 nchini Oman, na mwaka 2017 likatoa nyingine iliyojengwa juu ya maelezo ya wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu. Miongoni mwa malalamiko yaliyorudiwa yalikuwa kunyang'anywa pasipoti, kufanya kazi usiku na mchana, kutolipwa mshahara, na kupewa chakula kidogo au makombo. Njaa hapo haikutokana na ukosefu wa chakula. Ilitokana na mtu mmoja kuwa na funguo za jokofu, za mlango na za pasipoti kwa wakati mmoja.

Alasiri moja mwanamke kijana kutoka Tanga alifika kwenye lango la shangazi yake mwandishi. Alikuwa ameondoka katika nyumba aliyokuwa akifanyia kazi, na alisema amekuja kuomba chumvi. Shangazi, aliyezaliwa Unguja, alimtazama akaelewa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ingia ule kwanza. Mambo ya karatasi yatazungumzwa baadaye."

Alikula wali na samaki wa kukaanga, akaongezewa, akala tena. Watoto wa nyumba walikaa kimya, kwa sababu walikuwa wakubwa kiasi cha kujua kwamba jambo lile lilimtia hofu mama yao. Sheria inakataza kumwajiri na kumhifadhi mgeni asiye na ukaazi halali. Kumpa mtu sahani ya wali hakuko katika katazo hilo, lakini watu wengi hawajui mpaka uko wapi kati ya kulisha na kuhifadhi, na asiyejua hujiepusha na vyote viwili. Ndiyo maana hofu ya msako huenea kwa watu ambao sheria haikuwalenga kamwe: jirani mwenye huruma, mwenye duka, imamu wa msikiti, dereva wa teksi. Kila mmoja wao akirudi nyuma hatua moja, mwenye njaa hubaki peke yake.

Mwanamke huyo baadaye alipelekwa Muscat na watu wa kwao, wakamfikisha ubalozini. Wengi hawafiki huko. Hujificha katika vyumba vya wenzao mjini, wakifanya vibarua vya usafi kwa saa chache, na hula kwa zamu: aliyepata kazi leo hununua unga na maharage, wa kesho naye hufanya hivyo.

Ramadhani, na mwaka 2020

Katika mwaka mzima kuna mwezi mmoja ambapo chakula hutolewa bila kuulizana kadi. Ramadhani ikifika, misikiti ya Samad hutandika busati uani kabla ya magharibi. Nyumba za jirani huleta tende, labani, harisi, sambusa na sinia za wali wa nyama. Vibarua hujipanga, Waislamu na wasio Waislamu, na hakuna anayeuliza nani ni wa kafili gani. Kwa mtu anayejificha, futari ya msikitini huwa mlo pekee wa moto wa siku, na wakati mwingine mlo pekee wenye nyama kwa miezi.

Mwaka 2020 ulionyesha thamani ya busati lile kwa kuliondoa. Misikiti ilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona. Wilaya ya Mutrah, mkoani Muscat, ilitengwa kuanzia 1 Aprili, kisha mkoa wote ukafungwa, na mwishoni mwa Julai mikoa yote ikafungiwa isiingiliane. Vituo vya ukaguzi vilivyowekwa kwa ajili ya ugonjwa vilikuwa vituo vya ukaguzi vilevile machoni pa asiye na kadi. Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili bila futari ya pamoja. Jumuiya za misaada, wafanyabiashara na majirani waligawa vikapu vya mchele, mafuta na dengu, na wema huo uliokoa watu wengi. Hata hivyo somo moja lilijitokeza katika mji mdogo. Penye orodha ya majina na namba za kadi, wenye shida kubwa hawakujitokeza. Penye kikapu kilichoachwa mlangoni mwa chumba cha vibarua bila maswali, kilichukuliwa usiku huohuo.

Mwezi Novemba mwaka huo serikali ilifungua mlango wa kuondoka bila faini kwa waliokwishiwa na muda wa ukaazi, na muda huo ukaongezwa mara kadhaa hadi 2021. Msamaha kama huo ulikuwapo mwaka 2015, na mwingine ukatangazwa Januari 2025 ukiwa na mwisho wa 31 Julai, kisha ukasogezwa hadi mwisho wa mwaka. Matokeo yake hayasubiri takwimu. Wiki chache baada ya tangazo, watu ambao hawakuonekana kwa miezi hukaa tena katika vibanda vya chai wakila parata na maharage mchana kweupe. Mtu akiwa na karatasi inayosema kwamba yuko njiani kuondoka, hofu ya kununua chakula humtoka. Tatizo linalobaki ni kipindi cha kungoja tiketi na majibu ya ubalozi, ambapo mtu haruhusiwi kufanya kazi na bado lazima ale.

Pengo linalorudi kwa mwenyeji

Mashamba hayafuati kalenda ya ukaguzi. Mtende wa kike lazima uchavushwe katika siku chache baada ya karara kupasuka, kati ya majira ya baridi na mwanzo wa joto. Wapandaji wakijificha wiki hiyo, mavuno ya kiangazi yamekwisha kupungua. Wakijificha wakati wa kuvuna, tende hukauka na kuanguka, na mabsali hupita wakati wake wa kuchemshwa. Wenye mashamba wengi wa Samad ni wazee ambao watoto wao wanaishi Muscat. Kumleta mfanyakazi kwa njia halali huchukua muda na gharama, na tangu Oktoba 2023, Polisi ya Kifalme ya Oman iliposimamisha viza mpya kwa Wabangladeshi, chanzo kikubwa cha wapandaji mitende kilipungua. Mzee mwenye mitende kadhaa na zamu moja ya maji hana uwezo wa kampuni.

Mambo kama hayo yameonekana mbali na Oman. Tarehe 7 Agosti 2019, katika jimbo la Mississippi, Marekani, maofisa wa uhamiaji waliwakamata wafanyakazi wapatao 680 katika viwanda vya kusindika kuku kwa siku moja. Watu waliokuwa wakiandaa chakula cha nchi nzima waliacha nyumba zao bila mtafutaji, na makanisa yakalazimika kugawa vyakula kwa familia zao. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ilitangaza kanuni iliyohesabu msaada wa chakula kuwa sababu ya kumnyima mgeni ukaazi wa kudumu. Kanuni hiyo ilianza Februari 2020 na ikaachwa Machi 2021, lakini hofu ilitangulia. Utafiti wa taasisi ya Urban Institute ulionyesha kwamba katika mwaka 2018, kabla kanuni haijaanza, mtu mzima mmoja kati ya kila saba katika familia za wahamiaji alisema yeye au wa nyumbani kwake wameepuka misaada ya serikali wakiogopa kuharibu nafasi yao ya ukaazi. Hofu ilikata chakula kabla ya sheria.

Kumbukumbu ya wazee

Watu wa Samad wana sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengine, kwa sababu limewahi kuwapata wao. Kwa vizazi, vijana wa Sharqiyah walipanda majahazi ya kaskazi kutoka Sur kwenda Unguja na Pemba, wengi wakiwa hawana kitu. Walifungua vibanda vya chakula vijijini au kufanya vibarua vya karafuu, na wenyeji waliwauzia kwa mkopo hadi wakasimama. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ya Zanzibar iligawa chakula kwa kufuata kabila alilosajiliwa nalo mtu. Waarabu na Wahindi walipewa mgawo wa mchele, na Waafrika wakapewa zaidi nafaka nyingine, ingawa wote walikuwa walaji wa wali. Watu wakaanza kujiandikisha upya ili wapate mchele, na chuki zikaongezeka penye foleni. Hapo ndipo wengi walipoona kwa mara ya kwanza maandishi ya ofisi yakiamua kinachoingia chunguni.

Mapinduzi ya Zanzibar ya 12 Januari 1964 yakawafanya maelfu ya watu wenye asili ya Oman kuwa wakimbizi. Sultani wa Oman, Said bin Taimur, hakuwafungulia nchi kwa urahisi, na wengi wakasubiri Dubai, Kuwait na kwingineko, bila pasipoti zinazotambulika, wakilishwa na jamaa na marafiki. Walipoitwa nyumbani baada ya sultani huyo kupinduliwa tarehe 23 Julai 1970, walifika wakizungumza Kiswahili katika nchi ya babu zao. Bibi mmoja wa mji, aliyesubiri Dubai na watoto wadogo, alikuwa akisema kwamba katika miaka ile hakuogopa polisi kama alivyoogopa kumaliza unga wa jirani.

Mafunzo

Mwenye kuyatazama mambo haya kwa mpangilio huona kwamba njaa ya mhamiaji haitokani na upungufu wa chakula mjini. Maduka yamejaa. Inatokana na njia za kukifikia chakula kuunganishwa zote na karatasi moja: mshahara, mkopo, safari, akaunti ya benki na ujirani. Karatasi ikikatika, njia zote hukatika pamoja. Kila nchi ina haki ya kujua nani yumo ndani ya mipaka yake, na ukaguzi utaendelea kuwapo. Linalowezekana, na linalotakiwa, ni kuzitenganisha njia hizo ili kosa la ukaazi lishughulikiwe kama kosa la ukaazi, na chakula kibaki kuwa chakula.

Kwa wenye mamlaka, hilo maana yake ni maafisa kuacha kusimama milangoni mwa maduka ya chakula, viwanda vya mikate na misikiti, kueleza hadharani kwamba kumlisha mtu si kumhifadhi, na kuwapa chakula wanaosubiri safari katika kipindi cha msamaha. Kwa waajiri, maana yake ni kuandika chakula ndani ya mkataba waziwazi na kumwachia mfanyakazi pasipoti yake, jambo ambalo waraka wa serikali wa mwaka 2006 tayari unalitaka. Kwa balozi za Tanzania, Kenya na Uganda, maana yake ni kuwafikia wanawake walio mbali na Muscat kabla hawajatoroka, kwani mwenye njaa hawezi kusubiri afike mjini. Kwa anayejiandaa kusafiri kutoka Tanga, Mombasa au Pemba, maana yake ni kusoma mkataba, kuacha nakala ya kadi na pasipoti kwa ndugu, na kujua namba ya ubalozi kwa kichwa.

Na kwa wenyeji wa Samad na miji mingine ya Sharqiyah, wengi wao watoto na wajukuu wa wahamiaji, wajibu ni mwepesi kuliko yote. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika mji huu wenyeji wanapona kwa mikono ya wageni kila msimu wa tende. Mwenye njaa akifika mlangoni, alishwe kwanza, kisha asaidiwe kufika ubalozini au katika ofisi ya kazi. Majirani wasiogope kufanya hivyo, na wasingoje Ramadhani.